Mikwaruzo Chini ya Glezi

“Wewe kaka! Umekalia glezi yangu!”

Yasin aliruka kama mtu aliyekalia siafu. Akageuza shingo ajitazame nyuma. Suruali yake nyeusi, aliyoipiga pasi asubuhi ile hadi mkunjo ukasimama wima, ilikuwa na bonge la mafuta mazito meupe kwenye makalio.

“Hii ni nini? Maziwa lala?”

Watu waliokuwa wamesimama karibu waliangua kicheko. Ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo ya Machakos, mwaka 2003, na uwanja ulikuwa umefurika. Ng'ombe wa gredi walikuwa wakiroroma upande mmoja, bendi ya polisi ikipuliza tarumbeta upande mwingine, na harufu ya nyama choma ilikuwa imetanda kila mahali. Katikati ya zogo hilo, kwenye kibanda kidogo cha turubai, boneti kuukuu la gari lilikuwa limelazwa juu ya meza. Nusu yake ilikuwa imefifia na kujaa mikwaruzo. Nusu ya pili iling'aa hadi mawingu yakaonekana ndani yake.

Msichana mwenye boneti lile alikuwa amevaa ovaroli ya kijivu, kitambaa cha zambarau kichwani kilichofungwa kwa nyuma, na vipuli vya fedha vilivyocheza kila alipotingisha kichwa. Aliitwa Mishi, binti wa Mzee Abdulghani, fundi wa kushona kanzu mtaa wa Majengo. Kazi ya kung'arisha magari alijifunza Mombasa kwa mjomba wake, akarudi nayo Machakos na kufungua kibanda chake cha kuoshea magari karibu na barabara ya kwenda Wote. Wengi walidhani ni mzaha, mpaka walipoona magari yakitoka pale.

“Si maziwa,” alisema akijizuia kucheka. “Ni glezi. Ukipaka kwa gari inaingia kwa ile mikwaruzo midogo midogo, inaijaza, huioni tena. Halafu unafunga na waksi juu.”

“Kwa hivyo inaponya?”

“Haiponyi. Inaficha tu. Ukiosha osha sana, inatoka, unapaka tena.”

“Na kwa suruali?”

“Kwa suruali haijazi kitu. Hapo umeharibikiwa, kaka yangu.”

Alimpa kitambaa. Yasin akajipangusa huku akimtazama, na kadiri alivyojipangusa ndivyo doa lilivyozidi kuenea. Mishi alishindwa, akacheka mpaka machozi. Kicheko kile kilimwingia Yasin mahali ambapo hakuwa amejiandaa kuingiwa.

“Wewe uko na gari, ama unakuja tu kukalia za watu?” Mishi aliuliza.

Hapo ndipo Yasin alipokosea. Kwenye maegesho, chini ya mti wa mjakaranda, lilikuwa limesimama gari dogo la saluni, la bluu iliyokolea, rangi yenye vumbi la fedha ndani yake lililometameta juani. Lilikuwa la Titus, kontrakta aliyemwajiri Yasin kama dereva. Lakini funguo zilikuwa mfukoni mwa Yasin, na msichana alikuwa akimtazama.

“Ile bluu pale,” alisema. “Ni yangu.”

Ulimi ulikuwa umeteleza, na hakuna aliyeuokota.

*

Jioni ile simu ya Mishi ililia mara moja ikanyamaza; ni Yasin, waliyebadilishana namba kibandani. Fulashi. Akatabasamu, akafulashi pia. Baada ya dakika chache Yasin akapiga kwa kweli.

“Malkia wa Glezi, sasa?”

“Poa, Bwana Suruali. Doa limetoka?”

“Limekataa. Nafikiri limenipenda.”

“Ni doa limependa, ama ni mwenye suruali?”

“Wewe unaonaje?”

“Mimi naona kadi yako itaisha salio kabla useme kitu ya maana.”

Ndivyo walivyoanza. Yasin alikuwa mtoto wa Mzee Wambua wa Mwala, aliyesilimu ujanani na kuwapa watoto wake majina ya Kiislamu bila kuwapunguzia Kikamba hata neno moja. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzito, na kila alipokuja kwa Mishi alikuja na gari la bluu likiwa na vumbi la barabarani, aoshewe. Walikula viazi karai wakiwa wameegemea ukuta. Mishi alimfundisha kupaka glezi kwa kuzungusha mkono polepole, kitambaa kikiwa laini, eneo dogo kwa wakati mmoja. Yasin alijifanya mgumu wa kuelewa ili mkono wake ushikwe na kuongozwa.

“Wewe darasani ulikuwa hivi hivi?” Mishi alimuuliza siku moja.

“Hapana. Mwalimu hakuwa anapendeza hivi.”

“Basi shika kitambaa, wacha maneno. Mtu mwenye gari nzuri hivi anafaa kujua kuitunza, mpenzi.”

Kila aliposikia “gari yako”, Yasin alimeza mate. Alikusudia kusema ukweli wiki ya kwanza. Akajiambia atasema wiki ya pili. Kisha uongo ukazoea kukaa naye, ukawa kama jamaa aliyekuja kwa siku mbili na sasa ana kitanda chake.

Jumatatu moja asubuhi, Yasin alifika na gari likiwa na mikwaruzo mirefu myembamba upande wa kushoto, kuanzia taa ya mbele mpaka mlango wa nyuma.

“Ala!” Mishi aliruka kutoka kwenye kigoda. “Yasin! Umefanyia gari nini?”

Titus alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba alipita njia mbovu ya Ndithini na miti ikamchora, na kwamba gari lirudishwe liking'aa kwa sababu lilikuwa na mnunuzi Nairobi. Yasin aliyachukua maneno yale kama yalivyo, akayavaa.

“Nilipita Ndithini jana. Miti ya huko iko na kucha, we acha tu.”

Mishi alipitisha ukucha wake juu ya mikwaruzo. Sehemu nyingi ukucha uliteleza. Karibu na kitasa cha mlango ulikwama.

“Hii nyingine glezi itameza. Lakini hapa kwa mlango imeingia ndani, inataka fundi wa rangi.”

“Wewe ing'arishe tu, dear. Vile itatoka, itatoka.”

Alifanya kazi kutwa nzima. Aliosha, akakausha, akapaka glezi kwa mizunguko midogo, akaiacha ikae, akaifuta, akapaka tena pale penye ukaidi. Mwishowe akafunga na waksi. Jua lilipokuwa linaelekea vilima vya Iveti, ubavu wa gari ulikuwa kama maji yaliyotulia. Hata pale mlangoni ilikubidi uiname na kujua unachotafuta ndipo uone kitu.

“Wewe ni mchawi,” Yasin alimnong'oneza.

“Nenda huko. Na upunguze mwendo.”

Hata vitambaa hakuwa amemaliza kuvifua simu ilipolia. Namba hakuijua. Aliyeongea alikuwa jirani wa shangazi yake kule Muthetheni, ambako Mzee Abdulghani alikuwa tangu Ijumaa, akiuza kanzu na sare za shule sokoni.

“Mishi, mama, kaa chini kwanza.”

“Niambie nikiwa nimesimama.”

“Mzee aligongwa na gari jana jioni. Akiwa kwa baiskeli. Mwenye gari hakusimama. Tumempata leo asubuhi kwa mtaro, lakini anapumua, mama, anapumua! Zahanati ya huku imeshindwa, sasa wanamleta hospitali kubwa huko kwenu.”

Beseni lilimponyoka Mishi. Maji ya sabuni yakatambaa hadi barabarani.

*

Mzee Abdulghani alikuwa amevunjika paja na mbavu. Alilala usiku mzima kwenye mtaro, mvua ndogo ikimnyeshea, akisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili ndipo aliweza kuzungumza na bintiye.

“Baba, uliona gari?”

“Niliisikia kwanza. Halafu ikanipita hapa, kushoto yake, ikanikwangua. Nikaenda na baiskeli yangu chini.” Akafumba macho. “Bluu, mwanangu. Bluu ya usiku. Ilipunguza mwendo kidogo, nikafikiria inarudi. Ikaenda.”

Mishi alimbusu mkono akatoka. Bluu ziko nyingi, alijiambia njiani. Bluu ziko nyingi sana.

Nyumbani, wasamaria wa Muthetheni walikuwa wameleta baiskeli na kuiegemeza ukutani. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja. Mishi aliinama. Upande mmoja wa usukani mpira wa kushikia ulikuwa umeisha zamani, chuma kikabaki wazi, na kwenye ncha ya chuma kile palikuwa na rangi iliyoganda.

Bluu. Yenye vumbi la fedha.

Hakuhitaji kuambiwa. Rangi ile alikuwa ameisugua kutwa nzima. Alikuwa ameipapasa, ameipulizia pumzi, ameitazama kwa jicho moja kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akaitazama mikono yake. Mikono hii ndiyo iliyofuta alama za baba yake kwenye lile gari, huku mzee akiwa amelala mtaroni, kisha kwenye machela, na yeye Mishi akiimba kimoyomoyo kwa sababu ya mapenzi. Akakaa chini, kwenye vumbi, kando ya baiskeli.

Alipopiga simu sauti yake ilikuwa kavu.

“Yasin. Jumapili jioni ulikuwa wapi?”

“Malkia! Nimekutafuta tangu jana, simu yako—”

“Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nyumbani. Kwani kuna nini?”

“Si ulisema ulikuwa Ndithini?”

Mishi hakungoja jibu.

“Na gari yako ilikuwa wapi?”

“Mishi, sikiza. Hiyo gari… hiyo gari si yangu.”

Mishi alicheka kicheko ambacho yeye mwenyewe hakukitambua. “Kwa shoo ilikuwa yako. Jumatatu ilikuwa yako. Leo si yako?”

“Wallahi ni ya bosi. Mimi ni dereva. Nilikudanganya siku ile ya kwanza, halafu nikashindwa—”

“Baba yangu amelala hospitali, Yasin. Paja limevunjika. Alilala kwa mtaro kama mbwa. Na rangi ya hiyo gari iko kwa baiskeli yake. Ukaniletea mimi nioshe! Mimi! Mtoto wake!”

“Mishi! Unasema nini? Mishi!”

Simu ilikuwa imekatwa. Yasin alibaki ameishika sikioni, katikati ya duka la vipuri alikokuwa ametumwa, mdomo wazi. Mwenye duka alimuuliza mara mbili kama anataka plagi nne au sita. Alitoka bila plagi.

*

Alimkuta Titus kwenye uwanja wa kampuni yake akihesabu mifuko ya saruji. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye koti la ngozi hata juani.

“Bosi,” Yasin alisema, “ile miti ya Ndithini iliyochora gari, ilikuwa upande gani?”

“Miti gani?”

“Ya Jumapili.”

“Ah! Ile.” Titus aliendelea kugusa mifuko, lakini alikuwa amepoteza hesabu. “Kushoto. Kwani nani amekuambia kulikuwa na mtu?”

Yasin alimsogelea hatua moja.

“Mimi sijasema mtu, bosi. Nimesema miti.”

Walitazamana. Titus ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

“Chukua gari,” alisema kwa sauti ya chini. “Mnunuzi yuko Nairobi anangoja. Ifike leo. Na wewe uko na kazi nzuri hapa, Yasin. Usijitafutie maneno.”

Yasin alichukua funguo. Aliendesha mpaka njia panda, mahali ambapo mkono wa kushoto ungempeleka Nairobi, na huko gari lingepata mmiliki mpya, labda na rangi mpya, na mambo yangeishia hapo. Alimwaza babake, Mzee Wambua, ambaye hakuwahi kumpiga ila siku moja tu, kwa sababu ya uongo. Lori nyuma yake likapiga honi. Akakata kulia, akaingia moja kwa moja kituo cha polisi.

Alimpigia Mishi simu. Hakushika. Akapiga tena. Hakushika. Akaandika ujumbe: *Niko polisi Machakos na gari. Glezi bado iko juu, hawaoni kitu. Wewe ndiye unajua kuitoa. Njoo na baiskeli. Tafadhali.*

Mishi aliusoma ujumbe ule akiwa nje ya wadi. Aliusoma tena. Alikuwa amejiandaa kwa uongo mwingine, kwa machozi, hata kwa vitisho. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

Alifika na baiskeli imefungwa juu ya teksi na chupa ya spiriti mkononi. Sajini Katunge, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa akilizunguka gari kwa mara ya tatu.

“Mimi naona gari safi,” alimwambia Yasin. “Kijana, una uhakika?”

“Ngoja huyu dada, afande.”

Mishi hakumtazama. Alimimina spiriti kwenye kitambaa, akapiga magoti kando ya mlango, na kuanza kufuta. Waksi ikatoka kwanza. Kisha glezi. Mng'ao ukafifia, na polepole, mmoja baada ya mwingine, mikwaruzo ikajitokeza. Ilipita mlangoni kama mistari ya kucha. Askari waliokuwa wakipiga soga kivulini walisogea. Mmoja akavua kofia.

Sajini Katunge mwenyewe aliinua baiskeli na kuisimamisha kando ya gari. Ncha ya usukani ilifika sawasawa kwenye mkwaruzo mrefu kuliko yote.

“Aiya!” alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo askari wenzake hawakuwahi kuisikia kwake.

Titus aliletwa kabla ya jua kuzama. Alishuka akifoka kwamba dereva wake ni mwizi wa gari. Alipoona mlango ule na baiskeli ile, alirudi nyuma hatua moja. Akatafuta mahali pa kushika, akashika hewa.

“Nilidhani ni mbuzi,” alisema hatimaye.

Mishi akasimama. Ovaroli yake ilikuwa imelowa spiriti magotini.

“Mbuzi wa kwenu wanapanda baiskeli?”

Hakuna aliyecheka. Titus aliingizwa ndani akiwa amejifunika uso kwa lile koti la ngozi.

Yasin alimfuata Mishi langoni.

“Mishi.”

“Asante kwa ajili ya baba,” alisema bila kugeuka. “Ulifanya kitu kubwa leo, na najua umepoteza kazi. Lakini uliniangalia machoni, Yasin, ukaniambia wewe ndiye ulikuwa kwa hiyo miti. Kama ungesema tu, ‘ni bosi ameniambia’, mimi ningekosa usingizi mara moja, si mara mbili. Sasa sijui ni maneno gani yako niliyopenda yalikuwa ya kweli.”



*

Wiki zikapita. Simu ya Mishi haikufulashiwa. Alijiambia ni afadhali, na kila ilipolia aliikimbilia. Mchana alikuwa kazini, jioni alikuwa hospitalini. Baba yake alikuwa amefungwa plasta kutoka kiunoni, mguu umening'inizwa, lakini cha ajabu ni kwamba kila jioni alimkuta nadhifu. Ndevu zimepunguzwa. Kucha zimekatwa. Mishi alidhani ni wauguzi, akamshukuru Mungu kwa wauguzi wa namna hiyo.

Alhamisi moja mvua kubwa ilimkatiza kazi, akaenda hospitali saa za chakula cha mchana. Kwenye mlango wa wadi ya wanaume alikutana na muuguzi Nthambi, msichana mnene wa Kithyoko aliyejua habari za kila kitanda.

“Leo umekuja mapema! Ngoja basi kidogo, mzee anaoshwa na kulishwa na kijana wake.”

“Kijana gani? Baba hana kijana. Mimi ndiye mtoto peke yake.”

Nthambi alikunja uso. “Na yule anakuja kila siku ni nani?”

Mishi akasukuma mlango.

Yasin alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ya shati imekunjwa, taulo begani, akimlisha Mzee Abdulghani uji kwa kijiko na kuupuliza kwanza kabla ya kila funda. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa na alama za oili ya gereji. Alipomwona Mishi, kijiko kilibaki angani.

“Na wewe unafanya nini hapa?” Mishi alisema. Hakujua kama alikuwa anapiga kelele.

“Mwache amalize kunilisha kwanza,” alisema Mzee Abdulghani.

“Baba! Unamjua huyu ni nani?”

“Namjua kukushinda. Siku ya kwanza alisimama hapo ulipo akaniambia, ‘Mzee, mimi ni dereva wa ile gari. Siku hiyo sikuiendesha, lakini mimi ndiye nilipeleka ikang'arishwe, na nilimdanganya binti yako kuwa ni yangu.’ Nikamfukuza. Kesho yake akarudi. Nikamtukana, Mungu anisamehe, nikamtukana mpaka Nthambi akaja. Siku ya tatu akarudi na wembe, akaniuliza kama ndevu zinaniwasha.” Mzee akapumzika, mbavu zilikuwa bado zinamuuma. “Zilikuwa zinaniwasha.”

Mishi alimgeukia Yasin. “Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungefikiria nakuja kwa sababu yako.”

“Na hukuja kwa sababu yangu?”

Yasin aliweka bakuli chini. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyefungwa bandeji mikono yote miwili, alikuwa amejiinua kwa viwiko ili asikie vizuri.

“Mara ya kwanza, ndiyo,” Yasin alisema. “Sitakudanganya tena. Halafu nikamzoea. Sasa ukinikataa, nitakuja tu, mpaka atembee. Mimi sina gari, Mishi. Natengeneza za watu kwa gereji ya Muiruri, na mshahara wangu ni wa kujibana. Nyumba yangu ni chumba kimoja. Sina kingine nimekuficha. Nikileta wazee wa kwetu kwa babako, mtawafungulia mlango?”

Mishi alisimama na mwavuli unaochuruzika maji sakafuni. Hasira aliyoitunza wiki zote zile aliitafuta akaikosa. Akamtazama baba yake.

“Usiniangalie mimi,” alisema mzee. “Mimi nimefungwa hapa, siwezi kwenda kufungua mlango wowote.”

“Waje Jumapili,” Mishi akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akarudia ili asikike. “Waambie wazee waje Jumapili, mpenzi wangu. Nitawafungulia mimi.”

Yasin alijifunika uso kwa lile taulo la begani, akalia. Muuguzi Nthambi alipiga kigelegele kilichofika mpaka wadi ya akina mama, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini wagonjwa walikuwa wameshaanza kupiga makofi kitanda kwa kitanda, na yule wa dirishani, asiyekuwa na mkono wa kupigia, alikuwa akigongagonga kichwa chake kwenye chuma cha kitanda na kupaza sauti, “Na mimi nimealikwa? Jamani, na mimi nimealikwa?”